Mtawarira hakusukuma kwa kilo tu

Vijana wa raga wa Lubumbashi, hasa ninyi wa mstari wa mbele, tafuteni video za Tendai Mtawarira, yule waliyemwita Mnyama. Alizaliwa Harare 1985, akaanza safu ya nyuma ya mele, pale wachezaji 8 wa kila timu wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira. Ni klabu ya Sharks ya Durban iliyomsogeza mbele, jezi namba 1, kushoto mwa mstari wa mbele. Kati ya 2008 na 2019 aliichezea Afrika Kusini mechi 117.

Ya kusoma ni ile ya Juni 2009 dhidi ya Lions, timu ya pamoja ya Visiwa vya Uingereza na Ireland. Mpinzani wake Phil Vickery, bingwa wa dunia wa 2003, alisumbuka mpaka akatolewa mapema kipindi cha pili. Tazameni mkono wa kushoto wa Mtawarira: unapita ndani ya mkono wa kulia wa mpinzani na kushika jezi yake mgongoni, kiwiko juu. Kiwiko kikishuka, mele inaanguka na wewe ndiye unayeadhibiwa kwa penalti. Miguu nayo usiipeleke nyuma mno. Mpinzani akilegea kidogo tu unakula udongo, na udongo wetu wa Agosti ni sementi. Mabega yasishuke chini ya nyonga, magoti yabaki yamekunjwa, la sivyo huna cha kusukumia.

Zoezeni mmoja kwa mmoja, halafu 3 kwa 3. Kocha anayeanza na 8 kwa 8 anachezea shingo za watoto wa watu.

Mechi yake ya mwisho ya taifa? Fainali ya Kombe la Dunia 2019, Yokohama: Uingereza ilifungwa 32-12, na baadhi ya penalti alizopiga Handré Pollard zilitoka kwenye mele.