Tulivyokula ngisi vikapatikana viti mwendo vinne

Mara ya kwanza tulipoandaa mlo wa kuchangisha fedha, tulishiba sana na kuchangia kidogo sana. Tulijaza mgahawa mzima, kaa wanapasuliwa kila meza, na mwenye mgahawa alikuwa ametuahidi "sehemu ya faida" iende kwenye viti mwendo vya watoto wa shule moja ya wenye ulemavu. Baada ya wiki mbili nikamfuata. Akanifungulia daftari: kaa walipanda bei, barafu, gesi, wahudumu wa ziada, na samaki aliyebaki akatupwa. Faida iliyosalia isingenunua hata tairi moja. Sidhani alitudanganya. Kosa lilikuwa langu kukubali neno faida, maana ndani yake gharama yoyote inaingia.

Mara ya pili niliomba fungu la mauzo: asilimia 20 ya kila sahani itakayouzwa usiku ule, vinywaji visihesabiwe. Wenye migahawa wawili walinicheka. Wa tatu akakubali, ila iwe Jumanne, siku ambayo kwake huwa kumepooza. Nikakubali kabla hajageuza nia. Tukaandika, tukatia sahihi.

Jambo jingine ni tiketi. Vyakula vya baharini havingoji mtu. Mpishi akinunua kwa kubahatisha, ama atapungukiwa ama atatupa. Kwa hiyo kila aliyenunua tiketi alichagua sahani yake palepale, na siku tatu kabla tukafunga mauzo. Mpishi akaagiza kwa idadi kamili. Naamini hapo ndipo ile asilimia 20 ilipoacha kumuuma mwenye mgahawa.

Mimi nilikuwa nimeandika sahani tisa. Mpishi akazisoma, akacheka, akabakiza tatu: ngisi wa mchuzi, kome wa mvuke na samaki wa kuoka. Kamba aliwakataa kabisa. Alisema kamba akizidishiwa dakika moja tu motoni anakakamaa, na watu sitini wakiketi kwa pamoja, dakika hiyo lazima izidi. Ngisi naye ana njia mbili: apitishwe motoni dakika mbili tu, au apikwe taratibu karibu saa nzima. Ukimtoa katikati, unatafuna mpira. Alichagua njia ndefu kwa kuwa mchuzi unaweza kusubiri wageni. Kome aliwakagua mmoja mmoja wakiwa wabichi. Aliyekuwa wazi aligongwa kidogo, na asipojifunga akatupwa. Kaa niliwakataa mimi. Mtu anayepambana na gando hasikilizi hotuba, hata iwe ya dakika tano.

Kwenye tiketi tuliuliza pia kuhusu mzio. Mgeni mmoja aliandika tu, "Sili kome." Nusura niichukulie kama suala la ladha. Nilipompigia simu nikaambiwa akila huvimba midomo na koo. Moto hauondoi mzio huo, na hata kijiko kilichotoka kwenye sufuria ya kome kinatosha kumdhuru. Samaki wake akaokwa kwenye trei ya peke yake, akaletwa na mhudumu ambaye hakushika sahani nyingine. Alikula kwa mashaka mwanzoni, kisha akaomba limau zaidi.

Usiku wenyewe haukuwa na mengi. Mwalimu wa shule alisema machache, akaketi, akala ngisi. Nililosisitiza ni moja tu: kabla watu hawajainuka, mhasibu wa mgahawa asome jumla ya mauzo na fungu letu mbele ya wote. Aliposoma, watu kadhaa walirudisha mikono mifukoni wenyewe, na bakuli la mlangoni likajaa noti.

Fedha hizo hatukuzipeleka dukani. Kiti mwendo cha mtoto hakinunuliwi kwa kukisia. Hupimwa upana wa nyonga, urefu wa paja na mahali miguu itakapokanyaga, na kikiwa kikubwa mtoto hulala upande na mgongo ukaumia. Tulimlipa fundi awapime watoto kwanza. Vikatoka viti vinne, na kimoja kikarudishwa kurekebishwa sehemu ya kukanyagia.

Juzi mwenye mgahawa amenipigia akiuliza Jumanne nyingine ni lini. Nimemwambia asubiri kidogo, fundi bado anapima.