Moscow kwa Nyayo za Maya Plisetskaya

Ukienda Moscow siku hizi, beba fedha taslimu. Visa na Mastercard zetu hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022, na mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba alinikumbusha jambo hilo kwenye WhatsApp mpaka nikachoka. "Mjomba, usije ukalala njaa kwenye nchi ya watu." Alinipokea uwanjani akiwa na koti la ziada begani, na kwenye treni ya kuingia mjini akaniuliza tuanze na nini. Uwanja Mwekundu? Kaburi la Lenin? Nikamwambia nataka kuona alikoishi Maya Plisetskaya. Akanyamaza kidogo. "Ndiye nani, Mjomba?"

Mcheza baleti mkubwa wa enzi za Kisovieti, nikamjibu, ingawa wala mimi si mtu wa baleti. Kilichonivuta kwa mama huyu ni habari ya pasipoti yake. Aliyewahi kusimama kwenye dirisha la viza na barua ya mwaliko, taarifa ya benki na hati ya nyumba, kisha akarudishiwa karatasi zake bila neno la maana, atanielewa. Plisetskaya yeye alizuiwa kusafiri na nchi yake mwenyewe, nchi ileile iliyokuwa ikimtoa jukwaani kila ilipopata mgeni mkubwa.

Tulishuka kituo cha Teatralnaya. Ukitoka tu, Bolshoi, lile jumba la baleti na opera, hii hapa: nguzo nane nene mbele, na juu yake Apolo akiendesha farasi wanne. Tiketi za jukwaa kuu zilikuwa zimekwisha, na bei waliyotutajia walanguzi pale nje ilimfanya mpwa wangu acheke kwa sauti. Basi tukaizunguka kwa nje. Humo ndimo Plisetskaya aliingia mwaka 1943, wakati wa vita, akiwa binti wa miaka 17, na hakuondoka mpaka 1990. Humo ndimo lilipochezwa kwa mara ya kwanza Ziwa la Batamaji, baleti ya Tchaikovsky, mwaka 1877, ingawa mara hiyo halikupendwa sana. Baadaye likageuka kuwa kama wimbo wa taifa wa pili. Mgeni wa serikali akija, jioni anapelekwa Bolshoi, na anayecheza Odette, yule malkia wa batamaji, ni Plisetskaya. Desemba 1949, Stalin alipotimiza miaka 70, mama huyu alicheza Kremlin mbele yake, na Mao Zedong alikuwa miongoni mwa wageni. Fikiria mwenyewe: wakati huo baba yake alikuwa keshauawa kwa amri za serikali ya huyo mwenye sherehe.

Kutoka Bolshoi unaingia barabara ya Bolshaya Dmitrovka na kupanda nayo polepole. Mkono wa kulia, ubavuni mwa jumba la ghorofa, utamkuta Maya mwenyewe kwenye ukuta mzima, amechorwa akiwa batamaji anayekufa. Mchoraji ni Mbrazili, Eduardo Kobra, na kazi ni ya mwaka 2013. Ukisogea karibu unaona rangi zimegawanywa vipande vipande vya miraba na pembetatu, nyekundu, bluu, manjano, mpaka unashangaa uso unatokea wapi. Ukirudi nyuma, uso huo. Kwenye kibustani kilichopo hapo, ambacho kimepewa jina lake, ipo na sanamu yake iliyozinduliwa mwaka 2016, akiwa Carmen, mhusika wa baleti yake nyingine. Mimi niliuona ukuta una uhai kuliko sanamu. Mpwa wangu aliipenda sanamu, akapiga nayo picha.

Siku iliyofuata nikamwomba anipeleke Kommunarka, kusini mwa mji. Ni metro mpaka nje huko, kisha basi, kisha miguu. Msitu wa miti mirefu, uzio, kanisa dogo, na ukuta wenye majina zaidi ya 6,600. Hapo ndipo polisi wa siri walipowafukia watu waliopigwa risasi miaka ya 1937 hadi 1941. Mikhail Plisetsky, baba yake Maya, alikuwa amesimamia machimbo ya makaa ya mawe ya Kisovieti kule Spitsbergen, kwenye barafu za kaskazini, na Maya aliishi huko utotoni. Walimkamata mwishoni mwa Aprili 1937, wakamuua Januari 8, 1938. Miezi miwili haijapita wakamchukua na mama, Rachel Messerer, aliyekuwa mwigizaji wa filamu zisizo na sauti, akiwa na mtoto mchanga mikononi. Wakampeleka kambi ya wake wa "wasaliti wa nchi" kule Kazakhstan. Maya, umri miaka 12, akabaki kwa mama yake mdogo, Sulamith Messerer, naye mchezaji wa Bolshoi. Bila mama mdogo huyo na wajomba zake, angepelekwa kituo cha yatima.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote tukiwa tumesimama mbele ya majina. Akauliza, "Na bado akawachezea?" Akawachezea. Angefanya nini?

Mwaka 1956 Bolshoi ilikwenda London kwa mara ya kwanza. Plisetskaya akakatwa kwenye orodha. Alikuwa Myahudi, binti wa mtu aliyeitwa adui wa taifa, ana ndugu wa baba Marekani, na mdomo wake haukujua kunyamaza. Juu ya hayo KGB, polisi wa siri, walimshuku kwa kufahamiana na mwanadiplomasia wa Kiingereza. Wenzake walipokuwa Covent Garden kule London, yeye alicheza Ziwa la Batamaji hapohapo Moscow, na makofi yalivyovuma, wakubwa wakaingiwa na wasiwasi. Mwaka 1958 akaolewa na mtunzi wa muziki Rodion Shchedrin. Mwaka 1959, baada ya kumwandikia Khrushchev mwenyewe, mkuu wa nchi, akaruhusiwa kwenda Marekani. Huko baadaye akawa rafiki wa Robert Kennedy, mdogo wake Rais John Kennedy. Walizaliwa siku moja, mwaka mmoja, Novemba 20, 1925.

Nyumba yao ipo barabara ya Tverskaya, namba 25, karibu na kituo cha Mayakovskaya, na sasa ni makumbusho. Kituo chenyewe usikipite mbio. Inua kichwa: darini kuna picha 34 za vigae vidogovidogo, ndege, wana parachuti, mawingu, anga la nchi iliyojiona inapaa. Kilifunguliwa 1938, mwaka uleule wa msiba wa familia ile.

Nilitarajia jumba la kifahari. Ni fleti ya watu wa kawaida waliofanikiwa, yenye piano. Bibi mlinzi alituamuru tuvae mifuko ya plastiki juu ya viatu, kisha akatufuata chumba hadi chumba. Mpwa wangu akawa mkalimani. Bibi alipogundua tunajua habari za Carmen akalegea, akaanza kusimulia kwa mikono. Muziki wake Shchedrin aliutengeneza kwa kupanga upya ule wa opera ya Mfaransa Bizet, na hatua zikatungwa na Alberto Alonso kutoka Cuba. Ilipoonyeshwa Aprili 1967, waziri wa utamaduni, Furtseva, aliona ni aibu tupu: mapaja nje, mapenzi wazi. Nusura ipigwe marufuku. Plisetskaya aliendelea kuicheza miaka na miaka.

Jioni, kwenye chumba cha mpwa wangu bwenini, tulitazama kwenye simu dansi yake ya Kifo cha Batamaji. Haifiki dakika tano. Anaingia ametupa mgongo, anateleza kwa vidole vya miguu, na mikono inatiririka toka begani hadi kwenye kucha kana kwamba haina kiwiko. Mwenzake mmoja wa chumbani, Mkongo, aliacha kupika akaja kusimama nyuma yetu. Plisetskaya aliicheza hiyo tena mwaka 1996, akiwa na miaka 70.

Kaburi lake sikulikuta, maana halipo. Alifariki Munich Mei 2, 2015, na aliusia majivu yake yachanganywe na ya mumewe, yamwagwe juu ya Urusi. Tulikwenda makaburi ya Novodevichy hata hivyo, kwa sababu Galina Ulanova, mcheza baleti mwenzake wa Bolshoi, amelala huko, chini ya marumaru nyeupe. Ulanova ndiye aliyeishangaza London mwaka ule 1956. Mpwa wangu, aliyekuwa amejifunza baleti kwa siku chache tu, akatangaza kwamba Ulanova ni bora: mtulivu, hana makeke. Nikamwambia utulivu ni rahisi ukiwa na pasipoti mfukoni. Tukabishana kama Simba na Yanga mpaka basi likatupitisha kituo.