Siku moja na fundi wa joto la nyumbani: feni inazunguka, hewa ni baridi

Saa 12 asubuhi simu imeshaanza kulia. Baridi ikiingia, kila mtu anawasha mtambo uliolala miezi, na kila mtu anataka ahudumiwe kwanza. Kazi yangu ni mifumo inayopasha nyumba joto kwa hewa: tanuri la gesi linapasha hewa, feni inaisukuma kwenye mabomba mpaka vyumbani. Watu hudhani sisi ni mafundi wa moto. Ukweli ni kwamba siku nyingi nahangaika na hewa na vumbi.

Saa 2, tanuri linawaka sekunde chache kisha linazima. Kihisi cha moto kilikuwa na utando, nikakisugua. Saa 4, mrija wa kutolea maji umeziba, nikauzibua.

Saa 5 na nusu nikaingia kwa mzee mmoja.

"Fundi, mashine inanipulizia baridi. Ni bodi ya umeme hiyo, niwekee mpya." Thamostati, kile kidude cha kuagiza joto, alikuwa ameshaibadilisha mwenyewe.

Nikaomba kiti, nikakaa mbele ya tanuri. Feni ndogo ya moshi ikaanza, kiwashio kikawa chekundu, gesi ikashika, baadaye kidogo feni kubwa ikasukuma hewa ya moto. "Umeona? Ukija wewe inajifanya nzima," akasema. Tukasubiri. Kusubiri huku ndiko wasikotaka kukulipia: fundi kakaa tu, anatazama.

Ghafla moto ukazima, feni ikaendelea. "Hiyo hapo!"

Nikapima: thamostati bado inaagiza joto, volti 24 zipo. Iliyokata ni swichi ya usalama. Tanuri likizidi joto, swichi hiyo inafunga gesi, lakini feni inaachwa izunguke makusudi ili ilipoze. Likipoa, swichi inarudi na mchezo unaanza upya. Baridi aliyoilalamikia mzee ilikuwa mtambo wake ukijiokoa.

Akaniambia jirani yake aliiruka swichi kama hiyo kwa kipande cha waya, ikaisha. Hapo nilipandisha sauti, sikatai. Joto likizidi muda mrefu, kuta za chuma zinazotenganisha moshi na hewa ya vyumbani zinaweza kupasuka. Moshi huo unaweza kuwa na kaboni monoksidi, na gesi hiyo haina harufu wala rangi. Huisikii ikikuua.

Basi, kwa nini linazidi joto? Nikapima joto la hewa inayoingia na la inayotoka. Tofauti ilikuwa imepita kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko ndani ya mlango. Hewa haitoshi. Filta ilikuwa ya aina nene, imejaa manyoya ya paka. Nikaitoa, tofauti ikapungua, lakini bado. Nikazunguka vyumbani: nusu ya matundu yamefungwa, eti kuokoa gesi.

"Mzee wangu, ukifunga matundu feni inakabwa. Joto linabaki ndani ya tanuri."

"Nimekuita ubadilishe kitu, si kunifundisha kufungua matundu."

Tukabishana mpaka njaa ikaniuma. Alipokubali kuyafungua, nambari bado hazikunipendeza, ikabidi nipande darini. Sijui ilikuwa saa ngapi. Kule unatambaa kwa tumbo juu ya boriti, nyuzi za kuzuia joto zinawasha shingo, tochi iko mdomoni. Mwishoni kabisa nikakuta bomba la kurudisha hewa limelaliwa na masanduku ya vitabu, limebonyea bapa. Nikayasogeza moja moja.

Filta mpya nyepesi, matundu wazi, bomba limenyooka. Tanuri likawaka bila kukata, tofauti ikarudi ndani ya kiwango. Mzee akaweka mkono kwenye tundu la sebuleni, akauacha hapo.

"Kwa hiyo bodi hujabadilisha?"

"Sijabadilisha."

"Sasa nalipia nini?"

Nikamwandikia: uchunguzi, saa za kazi, filta moja. Akabishia saa za kazi, filta akaikubali bila neno. Wateja wa jioni nikawapigia kuwasogeza kesho. Mmoja akanitukana, mwingine akauliza kama naweza kuja na bodi kabisa.