Siku moja ya fundi bomba: choo cha boti, Moshi

Saa 11:30 alfajiri simu imeshaita. Gesti moja pale Majengo choo kimeziba na wageni wanawahi basi. Nimezibua, nimetoa taulo zima la mkono, nimenawa, nimelipwa. Saa 2 chai ya maziwa na chapati mbili. Saa 3 nimebadilisha koki kwa mama mmoja Shanty Town, nusu saa tu.

Watu wakisikia fundi bomba wanafikiria koki inayovuja. Wakisikia fundi vyoo wanakunja pua. Mama mkwe wangu akinitambulisha kwa wageni husema "yuko kwenye mambo ya maji", kisha anabadilisha mazungumzo. Sawa. Ila kazi ya leo ningependa hata yeye aisome.

Saa 4 kamili mimi na dogo, msaidizi wangu, tuko Pasua kwenye yadi. Kuna boti. Ndiyo, boti, Moshi. Futi 32, ya faiba, ya zamani, imekaa juu ya magogo na matairi kati ya lori bovu na rundo la tofali. Mzee mwenye mali aliinunua Tanga ikiwa imetelekezwa ufukweni, akaipandisha lori mpaka huku kwa sababu anataka mafundi wafanye kazi huku anawaona. Ikikamilika inarudi Pangani, ipeleke watalii kisiwa cha Maziwe kuogelea. Wageni wanane, nahodha na msaidizi wake. Mimi nimeitwa kuishughulikia choo chake kwa sababu kabla ya kuhamia huku nilifanya kazi za boti Tanga, upande wa Raskazone.

Mzee alisema saa 4. Saa 4 hakuna mtu. Simu inaita tu. Basi tukaanza kufungua choo cha zamani, maana huwezi kuchagua choo kipya kabla hujajua cha zamani kilikufa kwa ugonjwa gani.

Kilikuwa cha pampu ya mkono, kinavuta maji ya bahari na kusukuma uchafu moja kwa moja nje. Nikakata mpira wa kutolea kwa msumeno wa chuma. Mpira ni wa inchi moja na nusu, lakini ndani kumeganda utando mweupe mgumu kama saruji, tundu lililobaki kidole changu kidogo kinaingia kwa shida. Hiyo ni chokaa. Mkojo ukikutana na maji ya bahari huacha chokaa, na usipomimina siki mara kwa mara inajijenga mpaka njia inafunga. Kisha nikamfundisha dogo kipimo cha harufu: loweka kitambaa kwa maji ya moto, ukizungushie mpira kwa nje, kiache kipoe, halafu nusa kitambaa. Akanusa. Nilidhani chapati zake zinarudi. Maana yake harufu imeshapenya mpira wenyewe, hata ukiosha boti nzima kwa sabuni itanuka vilevile.

Upande wa koki, ile ya kufunga tundu la maji ya bahari kwenye mwili wa boti, ndio balaa. Aliyefunga aliweka geti valvu ya nyumbani, ya shaba ya njano, ile ya dukani. Nikaikwaruza kwa bisibisi: ndani imekuwa ya waridi. Shaba ya njano ina zinki, na maji ya chumvi hula zinki taratibu, kinachobaki ni shaba laini yenye matundumatundu. Nikaigonga kidogo na nyundo, shingo ikakatika. Juu ya magogo ni kicheko. Majini, kwenye tundu lililo chini ya usawa wa maji, boti inakwenda chini. Na mpira wenyewe haukupandishwa juu ya usawa wa maji na kuwekewa kitundu cha kuingiza hewa, kwa hiyo hata koki ikiwa nzima, bahari ingeweza kujivuta yenyewe hadi ndani ya sinki la choo usiku watu wamelala.

Mzee akafika saa 5:40. Hakuomba radhi, alileta simu.

"Fundi, shikamoo yako naidai, lakini kwanza angalia hiki."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Angalia."

Kwenye kioo kuna choo cha umeme, cheupe, kina kitufe cha bluu kinachowaka. Unabonyeza, kinasaga, kinasukuma. Nikamweleza kwamba kitu hicho kwenye umeme wa volti 12 kinakula ampea 15 hadi 20 kikiwa kinasaga, na betri aliyonayo ni ya kuwashia injini. Akasema atanunua betri. Nikamuuliza: kikishasaga, kinasukuma wapi?

"Baharini. Bahari kubwa."

Hapa ndipo siku yangu ilipopotea. Nilikaa na mzee yule mpaka jua likahamia upande wa pili wa boti. Nikamwambia sheria ya kimataifa ya meli kubwa, na hata meli zenye kibali cha kubeba watu zaidi ya 15, inataka uchafu usiotibiwa umwagwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, meli ikiwa inatembea. Akadakia: "Boti yangu si meli." Kweli, si meli. Lakini Maziwe ni hifadhi, wageni wanalipa kuvaa miwani na kuzama kuangalia matumbawe. Waone nini kingine kikielea? Akanyamaza kidogo, halafu akampigia mpwa wake aliyeko Ulaya.

Mpwa anataka choo cha mboji, kisichotumia maji. Nikasema ni kizuri sana, mkojo unaingia mbele, kinyesi nyuma, unachanganya na makumbi ya nazi yaliyosagwa, na Pangani makumbi hayana mwenyewe. Kwa wawili wanaoishi botini ningekifunga leo. Kwa watalii wanane wapya kila siku, ambao kila mmoja lazima afundishwe akae vipi, nahodha ataacha kazi.

Saa ngapi sijui, mama mwenye nyumba akaja na machalari kwenye hotipoti, akasikiliza kidogo, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Nani atakimwaga?"

Tukaanza upya kutoka hapo. Watu kumi, kila mmoja aende mara mbili, lita mbili kila akipampu, ni lita 40, na mkojo juu yake. Tenki la lita 60 linaingia chini ya kitanda cha mbele, karibu na katikati ili boti isilale upande. Choo cha pampu ya mkono, kinachotumia maji yasiyo na chumvi kutoka tenki dogo la pekee, lisilogusana kabisa na maji ya kunywa. Maji ya bahari yakilala kwenye mpira, vijidudu vyake hufa na kunuka yai viza, kwa hiyo hatuyataki. Tundu zote mbili za chini tunaziziba kwa faiba. Hakuna koki ya kuoza tena. Na kwa kuwa mzee ana nyumba na shimo la septiki hapohapo boti inapofungwa, jioni nahodha anaunganisha mpira na kupampu mpaka kwenye chemba.

"Mpira je? Nina ule wa kijani wa kumwagilia, mpya kabisa." Sikujibu. Nikampa dogo kile kitambaa ampelekee mzee anuse. Mpira wa choo wenye ukuta mzito tutaagiza Dar.

Nikapima, nikachora, nikaandika orodha. Mgongo unauma kwa kuinama kwenye kile kichumba, nje giza linaingia. Mzee akasoma bei ya vifaa, akasoma mstari wa mwisho.

"Ushauri nao unalipiwa?"

"Siku nzima mzee."

Alituma nusu nikiwa njiani kwenye pikipiki. Nimeoga, nimekula, nikaona ujumbe wake: "Fundi, kile cha kitufe tukikiunganisha na hilohilo tenki?" Inawezekana, nikamjibu hivyo, nikaongeza bei ya betri mbili na chaja. Ameusoma. Kimya.