Ukaazi wa watoto Dubai: anza na majina kabla ya tiketi

Mtu akishapata kazi Dubai hukimbilia kuulizia nauli na ada za shule. Lakini kinachozikwamisha familia mara nyingi ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Weka mezani pasipoti ya baba na ya mama, cheti cha ndoa, pasipoti na cheti cha kila mtoto, usome jina kwa jina. Baba kwenye pasipoti ni Juma Ali Khamis, kwenye cheti cha mtoto kaandikwa Juma Ali. Mama huku Mwanaisha, kule Mwanaesha. Nyumbani hakuna anayejali, ila anayepokea maombi kule anafuata herufi. Tena sisi wengi hatuna jina la ukoo, mtoto hubeba la baba na la babu, kwa hiyo jina moja likipungua uhusiano wenyewe hauonekani. Sahihisha kwanza (Tanzania Bara ni RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi), ndipo utafute mihuri ya kuthibitisha cheti. Ukisahihisha baadaye unapewa cheti kipya, na mihuri yote uliyolipia inabaki kwenye kile cha zamani.

Mihuri ina foleni yake: Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi iliyotoa cheti, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu ulioko nchini humo, kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya Falme za Kiarabu, dirham 150 kwa kila cheti. Huo wa mwisho ndio watu husahau, wakidhani ubalozi umemaliza kazi. Peleka cheti halisi, na usikilaminishe, maana juu ya plastiki muhuri haushiki. Cheti cha ndoa hutafsiriwa kwa Kiarabu. Kazi hiyo mpe mtafsiri wa sheria aliyesajiliwa kule kule, baada ya mihuri kukamilika.

Mdhamini, yaani mzazi anayeiombea familia ukaazi, lazima awe na ukaazi wake kwanza. Mshahara wa mwezi usipungue dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba ya mwajiri. Mkataba wa pango uwe umesajiliwa Ejari, mfumo wa serikali ya Dubai wa kusajili mikataba ya pango. Chumba cha kuchangia na wenzako hakitakufikisha mbali. Maombi hupitia vituo vya Amer, vinavyoshughulikia viza na ukaazi Dubai. Kibali cha kuingia kikitoka, familia inasafiri na kukamilisha ukaazi ikiwa ndani ya nchi. Vipimo vya afya ni kwa wenye miaka 18 na kuendelea, lakini bima ya afya na kitambulisho cha Emirates ni kwa kila mmoja, hata kichanga. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele yake.

Mama anaweza kudhamini watoto, ila ataombwa barua ya ridhaa ya baba, nayo pia ipigwe mihuri. Mtoto wa kiume hudhaminiwa hadi miaka 25 kama hajaoa. Wa kike hana kikomo mpaka aolewe.

Kwa shule, ondoka na barua ya uhamisho na ripoti za miaka ya karibuni. Kadi ya kliniki ya chanjo iwe kwenye mkoba wa mkononi, isije ikapotea na begi.

Mtoto akizaliwa kule, una siku 120 za kumkatia ukaazi, na ndani ya hizo lazima apate pasipoti kutoka ubalozi au ubalozi mdogo wa nchi yenu. Usisubiri arobaini ndiyo uanze. Zikipita, faini huhesabiwa kwa siku.

Ukiacha kazi, ukaazi wa familia hufutwa kwanza, wa mdhamini baadaye. Na ukimpeleka mtoto kwa bibi yake Tanga, hesabu miezi. Akikaa nje zaidi ya 6 mfululizo, ukaazi wake unakufa hata kama kwenye kadi bado una mwaka mzima.