Reli isiyopita treni, na baiskeli isiyo na keria

Mimi ni mtu wa samaki. Kazi yangu kiwandani ni kupima ubaridi wa minofu ya sangara, kunusa, kubonyeza kwa kidole, kuandika namba kwenye karatasi na kugombana na watu wa barafu. Baiskeli ni usafiri wangu wa asubuhi kutoka Igoma, hapa Mwanza, na Jumapili ndiyo starehe yangu, kwa kuwa bia iliniacha zamani.

Nieleze kwanza barabara ya Musoma ilivyo saa kumi na mbili asubuhi, maana bila hiyo hamtaelewa kilichonipata Hispania. Pale mtu anaendesha kwa masikio. Macho yako mbele kwenye mashimo, masikio yako mgongoni. Honi mbili fupi ni daladala inakupita, honi moja ndefu ni kwamba toka. Fuso la mchanga linalotoka Kisesa unalisikia likibadilisha gia mbali, na unapiga hesabu kama litakukuta kwenye lami au ushuke vumbini. Ukingo wa lami wenyewe umemeguka kama mkate ulioliwa na panya. Mwaka juzi kioo cha gari kilinigonga kiwiko cha kulia. Dereva hakusimama, nami sikuanguka, nikashukuru Mungu nikaenda kazini. Lakini tangu siku ile bega langu la kulia hupanda lenyewe kila nikisikia injini nyuma. Mke wangu ananiambia naendesha kama mtu anayesikiliza simu isiyokuwepo.

Basi, mwezi wa nne nikatumwa Barcelona, kwenye maonyesho makubwa ya samaki. Siku tatu za kusimama na tai shingoni, hakuna la kusimulia. Nilikuwa nimeomba likizo ya wiki moja mbele yake, na rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha uvuvi Nyegezi anaishi Sevilla, kusini kabisa. Akaniambia: "Wewe na baiskeli yako, njoo. Huku kuna njia ya milimani, kilomita thelathini na sita, haina gari hata moja." Nikamwambia aache utani. Milimani? Mimi kilima cha Bugando tu hunishusha nikakokota. Akacheka: "Hupandi mlima. Mlima umetobolewa."

Njia yenyewe inaitwa Vía Verde de la Sierra, yaani njia ya kijani ya milimani. Inaanzia Olvera inateremka hadi Puerto Serrano, mpakani mwa mikoa ya Cádiz na Sevilla. Ilikusudiwa kuwa reli. Kazi ilianza miaka ya 1920, wakitaka kuunganisha Jerez na Almargen. Wakachimba mahandaki 30, wakajenga madaraja marefu manne, wakajenga stesheni. Kisha ukata wa fedha na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939 vikaikwamisha. Treni haikupita hata siku moja. Kuanzia 1993 nchi hiyo ilianza kuzigeuza reli zilizokufa kuwa njia za watembea kwa miguu na baiskeli, na sasa ziko zaidi ya kilomita 3,000 nchi nzima. Hii ya Olvera ni mojawapo, tofauti yake ni kwamba haikufa, kwa sababu haikuwahi kuzaliwa.

Fikiria mtu aliyepasua mwamba ule kwa baruti na sururu, akazeeka, akafa, hajasikia filimbi ya treni. Mhasibu angeandika hasara tupu. Na hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaorudi Ulaya wakihubiri kwamba wenzetu walipanga. Hii hawakuipanga. Walishindwa, wakaacha tuta, halafu baada ya miaka mingi akatokea mtu mwenye akili akaona kwamba tuta la reli ni kitu adimu. Treni ya mvuke haiwezi mwinuko mkali. Kwa hiyo mhandisi wa reli hukata kilima pale ambapo mwenye barabara angepanda, na hujaza korongo pale ambapo mwenye barabara angeshuka. Ukipita baada yake na baiskeli, milima imesimama kulia na kushoto na wewe huhemi.

Nilikodi baiskeli pale stesheni ya Olvera. Gia nyingi, tairi nene, nzuri kabisa, ila haina keria. Nikauliza kwa ishara mzigo unakaa wapi, yule kijana akanionyesha mgongo wangu. Mimi nilikuwa na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga toka nyumbani, maji, na sweta. Vyote mgongoni kama mtoto.

Mita mia mbili za kwanza nusura niage dunia. Baiskeli yangu ya Igoma ni mtumba wa Kijapani, breki ya mbele iko mkono wa kulia. Zile za Hispania, ya mbele iko kushoto. Nikaona mteremko, nikabana kushoto nikijua nabana nyuma, tairi la mbele likakwama, makalio yakaondoka kwenye siti. Sikuanguka. Kilomita moja mbele nikakutana na mzee wa Kihispania anakuja. Mimi nikaenda kushoto kwangu, kama tulivyozoea, yeye akaenda kulia kwake, tukasimama pua kwa pua. Akaangalia rangi yangu, akaangalia baiskeli, akauliza: "Inglés?" yaani Mwingereza? Nikasema Tanzania. Akafikiri kidogo, akasema "Kilimanjaro," akanizunguka taratibu akaenda zake.

Handaki la kwanza niliingia nikiwa na miwani ya jua. Kosa. Ni giza la kumeza mtu, na maji yanadondoka toka juu yanakupata shingoni. Mengine yana taa zinazowaka ukikaribia, mengine mafupi unaona mwanga wa upande wa pili kama sarafu. Lile refu kuliko yote linaitwa El Castillo, mita 990. Ndani yake baridi ilinikumbusha chumba cha ubaridi pale kazini, ila hakuna harufu ya samaki. Nilijikuta nakadiria nyuzi joto, nikasema kumi na mbili, kisha nikajicheka. Sauti ya cheni yangu ilikuwa inarudi toka ukutani kana kwamba kuna mtu wa pili ananifuata. Nikageuka kuangalia.

Na pale nilipogeuka ndipo nikang'amua kwamba nimekuja zaidi ya saa nzima bila kugeuka. Nilipotoka nje kwenye jua nikasimama nikajichunguza: bega la kulia limeshuka. Limelegea kabisa, kama la mtu aliyetoka kukandwa. Masikio nayo yalikuwa yamerudi mbele, yanasikia vitu ambavyo sikuwa nimevisikia kwenye baiskeli tangu utoto: njuga za mbuzi bondeni, mto Guadalporcún ukipiga mawe, ndege ambaye simjui jina, changarawe chini ya tairi. Utoto ninaousema ni wa kijijini Magu, nikiwa nimekaa kwenye keria ya baiskeli ya Phoenix ya baba, aliyoinunua kwa fedha za pamba na kuifuta kwa kitambaa kila jioni kabla hajanawa uso wake mwenyewe.

Jabali la Zaframagón linasimama kando ya njia, na juu yake tumbusi. Si mmoja wawili. Ni koloni, wanazunguka polepole bila kupiga bawa. Stesheni iliyo karibu imegeuzwa mahali pa kujifunza habari zao. Watu walikuwa wamepanga darubini zao, wananong'ona. Mimi nilikumbuka wale korongo wetu wa mfuko shingoni wanaongoja matumbo ya samaki kwenye soko letu la Kirumba, ambao hakuna anayewanong'onea. Wanapigwa tu mawe.

Kirumba iliendelea kunifuata. Coripe, karibu na katikati ya njia, wana mti mkongwe wa karne nyingi, umetandaza matawi mpaka ukoo mzima unaweza kukaa kivulini. Nilitafuta jina la jamii ya mti ule kwenye kamusi ya simu, ikaniambia: mwaloni. Kwa mtu wa Mwanza, mwaloni ni pale Kirumba samaki wanaposhushwa: dagaa, makelele, mizani iliyochezewa na mama anayekwambia kaka nipishe. Nikala matobolwa yangu chini ya mwaloni wa Coripe, nikampiga picha mke wangu amtumie shangazi. Yaani nikaupiga picha mti, nikamtumia mke wangu. Mnaelewa.

Pale stesheni ya Coripe, ambayo ni mkahawa, yule mama aliyenihudumia aliniaga "hasta luego", yaani hadi baadaye. Neno hilo "hasta" na "hata" yetu ni ndugu, wote walitoka kwenye Kiarabu. Waarabu na Waberberi walitawala sehemu ile kwa karne nyingi. Sukari yetu kwao ni azúcar, zeituni yetu ni aceituna, na mito yao inayoanza na Guad- ni lile lile neno wadi, bonde la mto. Ngome ya Olvera ilijengwa na Waislamu, na mfalme Alfonso XI akaichukua mwaka 1327. Kutoka hapo eneo lile likawa mpaka wa vita na ufalme wa Granada hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492. Mimi nilidhani natembea ugenini kabisa, kumbe nusu ya maneno yao yalishafika pwani yetu kwa jahazi.

Nililala Puerto Serrano, nikarudi Olvera kesho yake. Kurudi ni kupanda, lakini ni kupanda kwa treni: huoni, unasikia mapajani tu. Makalio sisemi.

Siku ya tatu rafiki yangu akanipeleka kwa gari Setenil de las Bodegas, mji jirani. Jamani. Nyumba ziko chini ya mwamba. Mwamba mmoja mkubwa umetokeza kama kofia na watu wameweka kuta na milango chini yake, mtaa mzima, kuna wanaokunywa kahawa na tani elfu za jiwe juu ya vichwa. Watalii walikuwa wanapiga picha huku wakiguna. Mimi nilisimama nikasema, hawa ni ndugu zetu wa Mabatini. Sisi tumejenga juu ya mawe na katikati ya mawe, wao wamejenga chini. Tofauti ni chokaa nyeupe, na kwamba kwao gari la taka linafika.

Nimerudi miezi kadhaa sasa na bega limeshapanda tena. Lakini kuna jambo moja nimelianza. Reli yetu ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, miaka ile ile ambayo wale wa Olvera walikuwa wanachimba yao. Yetu ilifika. Kwa hiyo hakuna wa kunipa tuta lake, na sasa ya kisasa inajengwa kutoka Isaka, na mimi nataka ifike. Ila kando ya reli ya zamani, kuanzia karibu na Fela, kuna kijinjia cha miguu mashambani. Hakuna anayekiita njia ya kijani. Kina mama wanapita na ndoo, watoto wanakwenda shule. Jumapili nakwenda kule. Penye kalavati nabeba baiskeli begani, penye ng'ombe nangoja.

Jumapili iliyopita nilikutana na mzee juu ya Phoenix, magunia mawili ya mkaa nyuma.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, baba."

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda mbele kidogo, halafu nageuza."

Akasimamisha baiskeli yake, akaizunguka yangu kama mnunuzi wa ng'ombe. Akashika siti, akashika mahali ambapo pangekuwa na keria, hakuna kitu.

"Sasa hii," akasema, "ukimkuta mgonjwa njiani unamweka wapi?"

Jumatatu jioni nilipitia kwa fundi Igoma. Keria ya chuma, imechomelewa miguu mipya kwa sababu fremu ya Kijapani haina matundu yake. Inapiga kelele kidogo nikipita kwenye mawe.