Jinsi Nilivyoirudisha Datsun 240Z Barabarani kwa Msaada wa Chama

Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani, ina heshima ya pekee Afrika Mashariki, na heshima hiyo haikuletwa na matangazo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari Rally kwa gari hilo, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda pamoja na Lofty Drews baada ya kulingana pointi na Harry Källström, ambaye naye aliendesha Datsun ya aina nyingine. Langu nililipata karibu na Nakuru, likiwa limekaa miaka mingi chini ya mti, na mwenye shamba alikuwa anafikiria kuliuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kabla ya kushika spana nilijiunga na chama cha wenye magari ya zamani ya michezo, chenye wanachama kutoka Nairobi, Nakuru na Nyeri. Nilidhani nitakutana na matajiri wanaokunywa chai kando ya magari yanayong'aa. Kumbe chama chenyewe huendeshwa kama chama kingine chochote cha Kenya: kuna mweka hazina mkali, mchango wa kila mwezi, na faini kwa anayechelewa. Fedha hizo hununua vifaa ambavyo mtu mmoja hawezi kuvinunua kwa ajili ya gari moja, kama vile winchi ya kuinulia injini na kipimo cha hewa inayoingia katika kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, na hulipia usafirishaji wa spea zinazoagizwa kwa pamoja.

Spea ndizo zilizonifundisha thamani ya utaratibu huo. Kwa kuwa kanuni za Kenya huzuia kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka minane, huwezi kuagiza 240Z nyingine ukaichinja kwa ajili ya spea. Unatengeneza kile kilichopo nchini. Bolti, bushi na gasketi kadhaa nilizipata Kirinyaga Road, Nairobi, kwa wauzaji ambao hutambua kifaa kwa kukipapasa tu. Mengine yalilazimika kutoka nje, na hapo mwanachama mmoja aliniambia nisome kwanza namba ya chesisi. Magari ya kuuzwa nje yenye usukani wa kulia yana namba zinazoanza na HS30, na yale ya usukani wa kushoto huanza na HLS30. Wauzaji wengi wako Marekani, ambako usukani ni wa kushoto, kwa hiyo vipande vingi vya bodi na vya injini vinaingiliana na vyetu, lakini dashibodi haiingii. Vitu vya upande wa dereva tuliviagiza Australia na Uingereza.

Kazi iliyonila muda mwingi ilikuwa kutu. Gari hili halina chesisi inayojitegemea, yaani fremu ya chuma iliyo tofauti na bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, na kutu hupenda kukaa mahali pasipoonekana: chini ya betri, sakafuni, katika mihimili ya chini ya milango na nyuma ya matao ya magurudumu. Fundi wetu wa bodi, mzee asiyependa maneno mengi, alikataa kukata chochote kabla hatujachomelea vyuma vya muda kukingama nafasi za milango. Alieleza kwamba ukikata mhimili wa chini bila vyuma hivyo, gari hulegea katikati, na baadaye mlango hautafungika hata ukiupiga teke. Tukatengeneza upande mmoja hadi mwisho, tukapima mianya ya mlango, ndipo tukahamia upande wa pili. Karibu kila mtu aliniomba nipake bodi rangi nyekundu na boneti nyeusi kama magari ya Safari. Nilikataa, kwa sababu langu lilitoka kiwandani likiwa jeupe na halijawahi kushindana na mtu.

Injini, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, ilikuwa nzima kuliko nilivyotarajia. Tulibadilisha ringi za pistoni na mihuri ya vali, tukarekebisha nafasi za vali injini ikiwa na joto, milimita 0.25 kwa za kuingiza hewa na 0.30 kwa za kutoa moshi. Kabureta ndizo zilizohitaji subira. Ziko mbili, za Hitachi, zilizoundwa kwa mfumo wa SU wa Kiingereza, na Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na petroli inayofaa pwani huwa nyingi mno. Dalili yake ni plagi kuwa nyeusi kwa masizi. Kwanza tulisawazisha hewa kwa kile kipimo cha chama, kisha tukainua pistoni ya kila kabureta kidogo sana huku injini ikinguruma polepole. Mwendo ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzima, imepungua. Ikipanda kwa sekunde moja kisha ikatulia, umepata. Tulianza na nati ya chini ya kabureta, ambayo ukiikaza hupunguza petroli, ikiwa imefunguliwa mizunguko miwili na nusu, kama inavyoshauriwa, tukaishia kuikaza juu zaidi ya hapo.

Safari ya kwanza ndefu ya chama ilikuwa ya Mombasa. Tulipofika Mtito Andei nilitoa plagi, nikaziona zimeanza kuwa nyeupe, ishara kwamba hewa nzito ya nyanda za chini ilikuwa inadai petroli zaidi, nikazifungua nati kidogo kabla ya kuendelea. Wakati wa kurudi nilizirudisha zilipokuwa.

Zamu ya kusaidiwa na mfuko wa spea wa chama sasa ni ya mwenzetu wa Nyeri mwenye Triumph TR4. Gari lake lina chesisi yake peke yake, kwa hiyo hatahitaji vyuma vingi vya muda, na mimi nimepangiwa kumshikia taa.